Jina Langu Katika Daftari la Madeni

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, jalada la buluu, pembe zimekunjamana. Baba yangu mdogo alilitoa mezani, akaliweka mbele yangu bila kusema neno. Nilikuwa nimefika kwake likizo, wilayani Kyerwa, kwa njia ya Omurushaka na Nkwenda, nikaikuta zahanati yake imefungwa siku ya tatu. Dawa zilikuwa zimekwisha.

Baba mdogo alikuwa tabibu wa serikali maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu, kiinua mgongo chake alikijengea zahanati. Zamani jambo hilo lisingewezekana. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kujipatia faida, zikabaki huduma za serikali na za mashirika ya dini, kama hospitali ya Nyakahanga wilayani Karagwe. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, mlango ukafunguliwa. Lakini mlango huo una vizingiti vyake. Zahanati sharti isajiliwe, mtaalamu awe na leseni hai, ada zilipwe kwa wakati wake, na fomu za bima zijazwe bila kasoro, kwani fomu yenye kasoro yaweza kukataliwa na jasho la tabibu likapotea.

Kutibu alikujua barabara. Hayo mengine hakufundishwa. Fedha za dawa, za karo na za sukari ya nyumbani zote zilikaa katika mfuko mmoja wa koti.

Isitoshe, katika nchi ya kahawa na ndizi fedha ina majira yake. Mgonjwa huahidi kulipa baada ya mavuno. Mwingine huleta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo. Ni shukrani njema, lakini duka la dawa la jumla halipokei jogoo.

Tulipokuwa tumekaa hivyo, mama mmoja akabisha, mtoto mgongoni, homa imempanda. Baba mdogo alimpima, akainamisha kichwa. Hakuwa na cha kumpa. Tukampakia mama yule kwenye pikipiki kwenda hospitali ya Isingiro. Jioni tukaletewa habari kwamba mtoto ametundikiwa dripu na anaendelea vizuri. Hata hivyo, saa zile za kungoja sitazisahau.

Wakati huo ndipo nilipofungua daftari, nikiwa tayari kuwalaumu wanakijiji. Ukurasa wa nne nikasoma: "Shemeji. Sindano na dripu. Atalipa mwanawe, Dar es Salaam." Shemeji huyo ni mama yangu mzazi. Machi. Julai. Novemba. Kila mara nilikuwa nimesema kwa simu, "Andika tu, Baba mdogo, mwisho wa mwezi nitatuma." Miisho ya miezi mingapi ilipita! Nami ni mtu wa mshahara, nisiyengoja mavuno.

"Mbona hukunidai?" niliuliza.

"Mwanangu," akajibu, "mtu humdai vipi mtoto wake?"

Nililipa jioni ile ile. Kesho yake binti yake, aliyesomea uhasibu, aliandaa vitabu vitatu: cha wagonjwa, cha dawa, na cha fedha. Baba mdogo alikubali kujilipa mshahara mdogo na kutogusa fedha za dawa. Tarehe za leseni na ada zikabandikwa ukutani. Mgonjwa mahututi hafukuzwi, lakini deni sasa lina kiwango, tarehe na saini. Wiki iliyofuata dawa zilifika, mlango ukafunguliwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lilikuwapo. Aliyepotea ni mimi.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaoishi mijini tuna ndugu mwenye zahanati, duka au cherehani. Twapenda kuhudumiwa bure kwa jina la udugu. Tukumbuke kwamba huenda bei ya udugu huo hulipwa na mtoto wa mtu mwingine, mlangoni, akiwa na homa.