Siku Moja kwa Miguu Nyuma ya Ngamia wa Takaba



Wajuzi wa Kiarabu hutueleza kuwa neno safari lina asili moja na neno la kufunua, kwani safari humfunua mtu tabia yake. Inasimuliwa pia kuwa Sayyidna Umar, Allah amridhie, aliposikia mtu akimsifu mwenzake, alimuuliza iwapo amewahi kusafiri naye. Wanandoa wengi wa pwani husafiri kwa basi, wamekaa bega kwa bega, na mwendo huo haufunui mengi. Mimi na mume wangu tulijaaliwa safari ya aina nyingine katika nchi ya Takaba.

Takaba ndiyo makao makuu ya Mandera Magharibi. Enzi za ukoloni eneo lote hilo la kaskazini lilikuwa nchi iliyofungwa, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Leo mji una shule, misikiti na soko, lakini ukitoka kidogo tu unaingia katika tambarare ya udongo mwekundu, migunga na vichuguu. Mto Daua uko mbali, mpakani mwa Ethiopia. Watu hutegemea visima, na masilanga yanayokinga maji ya mvua. Mvua zao ni mbili kama zetu: masika huziita Gu, na vuli huziita Deyr. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mizoga ya mifugo ikatapakaa kando ya njia.

Mwalimu mmoja rafiki wa mume wangu alitukutanisha na familia ya Kigare iliyokuwa ikihama. Silanga waliyokuwa wakinywesha imebaki tope, na vijana waliotangulia kupeleleza wamerudi na habari ya malisho mabichi mwendo wa siku tatu. Tuliomba kwenda nao siku ya kwanza, na chifu akaarifiwa. Nchi ile mgeni haiendei peke yake.

Baada ya sala ya alfajiri nyumba ilivunjwa. Huko nyumba ni kazi ya mwanamke: ndiye anayeijenga, ndiye anayeivunja, na ndiye mwenye kauli juu yake. Mama mwenye nyumba alizifungua kamba na kuikunja mikeka. Fito zilizopindwa zilizokuwa mbavu za nyumba alizifunga mgongoni mwa ngamia, zikawa fremu ya kubebea mizigo. Juu yake vikapangwa vyombo vya maziwa vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi, kisha madumu ya maji, na mwisho mtoto mdogo, aliyefungwa vizuri katikati ya mikeka. Jua halijachomoza, na kijiji chote kilikuwa kimesimama juu ya miguu minne.

Mpangilio wa msafara ulikuwa na hekima yake. Mume alitangulia na kundi la maziwa, akichagua njia. Mke alifuata akiongoza ngamia wa mizigo kwa kamba, mmoja amefungwa nyuma ya mwingine. Siku nzima hawakukaribiana, lakini hawakupoteana. Kengele za mbao shingoni mwa ngamia zilimpa kila mmoja habari za mwenziwe. Zikinyamaza upande mmoja, upande wa pili husimama.

Mimi na mume wangu tulianza kwa kuhimizana na tukaishia kunyamaza. Yeye ana hatua ndefu, mimi nina fupi, na saa nne jua likiwa limekolea nilimwona akipunguza mwendo bila kuambiwa. Alichukua begi langu, nami nikashika dumu letu la maji. Mwenda pole hajikwai, na mwenda na mwenziwe hujifunza kipimo cha pole ya mwenziwe. Digidigi walikatiza mbele yetu wawili wawili, kama kawaida yao.

Adhuhuri tulipumzika chini ya mgunga. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kunywa watu na watoto wa mifugo, kwa hivyo tulitayamamu kwa vumbi safi la ardhi ile. Sisi tulikuwa wasafiri wa mbali wenye ruhusa ya kupunguza sala, lakini kwa kuwa tulisali nyuma ya mwenye msafara, tulitimiza naye rakaa nne. Hukumu hizi tumezisoma madrasa tangu utotoni. Kuzisoma na kuzihitaji ni mambo mawili.

Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, kisha akastahimili siku nyingi. Mwanadamu hawezi, na shule haihami. Hilo ndilo lililojitokeza jioni, moto ulipowashwa. Familia ile ilikuwa na binti wa gredi ya sita aliyetufasiria maneno ya wazazi wake. Baba alitaka wote waende malishoni, kwani mikono ni michache na maziwa yako huko. Mama alisema kwa upole kuwa ukame uliwachukulia ngamia wengi, ila elimu ya mtoto haifi kwa kiu. Walizungumza kwa muda mrefu. Binti alitufasiria yote bila kuinua macho, maana mashauri yalikuwa juu yake.

Mwisho waliafikiana. Asubuhi mama angerudi karibu na mji pamoja na binti, watoto wadogo, nyumba na ngamia wawili wa maziwa. Baba na vijana wangeendelea na kundi hadi Gu inyeshe. Hakuna aliyeshinda: yeye alipoteza mikono, mke alipoteza maziwa mengi na mume wa miezi kadhaa.

Sisi watu wa pwani tusilione jambo hili kuwa geni. Bibi zetu wa Lamu na Mombasa waliagana na mabaharia kila msimu, jahazi likifuata upepo kama ngamia afuatavyo mvua. Nyumba zilisimama kwa sababu waliobaki na walioondoka walishauriana kabla ya kamba kufunguliwa. Leo waume zetu na wake zetu wako Ghuba kwa kazi, na wengi huondoka bila mashauri ila ya nauli.

Basi ushauri wangu kwa wanandoa ni huu: tembeeni pamoja, hata kama ni kutoka nyumbani hadi ufukweni, na mambo mazito myazungumze mkiwa mmechoka sawasawa. Na tuiombee nchi ya Takaba mvua yenye manufaa, isiyo na madhara. Allah awarudishe kwao salama wote walio safarini. Amin.