Behewa la kuba na mita 4 zilizopotea

Kimya kilikuwa kirefu, tisti zilitubana. Leo nina hoja ya ajabu kidogo, ila sisi wa elimu inatuhusu, maana mazoezi ya kufundisha yanakaribia na kila mtu anahangaikia zana.

Rumeti wangu ana modeli ya behewa la treni, katumiwa na mjomba wake aliyeko Denver. Si behewa la kawaida. Juu ya paa lina kuba ya vioo. Abiria anapanda ngazi, anakaa huko juu na kutazama milima pande zote. La kwanza la namna hii Marekani lilitoka mwaka 1945, kwenye reli ya Burlington. Mwaka 1949 ikazinduliwa California Zephyr, kutoka Chicago hadi Oakland, treni moja ikiwa na mabehewa matano ya kuba.

Sasa ubishi. Jamaa anasema, "Kaka, hiki ni kitu cha kuchezea, kinapendeza, basi." Mimi nikachukua rula.

Kwenye boksi wameandika 1:87. Behewa la kweli lilikuwa na urefu wa karibu mita 26. Gawanya kwa 87, unapata karibu sentimita 30. Letu lina sentimita 25! Zidisha tena kwa 87, unaona zimeyeyuka kama mita 4 nzima. Hizo ni safu kadhaa za viti, ndugu zangu.

Sababu ipo. Watu wengi wanatandika reli ndogo juu ya meza, kona zake kali. Behewa refu likipita pale linachomoza nje na kugonga vitu vya pembeni. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliyafupisha. Hilo naweza kulisamehe.

Lakini kuna la pili. Modeli yetu ina mistari ubavuni kama bati la paa, halafu imepakwa njano na kuandikwa Union Pacific. Mistari ile ilikuwa alama ya kampuni ya Budd, iliyojenga kwa chuma kisichoshika kutu. Union Pacific mabehewa yake ya kuba ya katikati ya miaka ya 1950 ilijengewa na American Car and Foundry, na ubavu wake ulikuwa laini. Yaani mtu katumia kalibu moja, akabadilisha rangi, biashara ikaendelea. Tena kwenye yale ya Zephyr, sakafu chini ya kuba ilishushwa ili watu wapate nafasi ya kichwa, kwa hiyo madirisha ya pale yalikaa chini kuliko mengine. Kwenye modeli yetu yote yamejipanga mstari mmoja, kama wanafunzi wa paredi.

Rumeti anauliza, nani atajua? Hapo ndipo ninapobishana naye. Mtoto wa Fomu One ambaye hajaiona treni hiyo ataamini alichoshika mkononi. Mimi mwenyewe sijaiona. Zana ya mwalimu inaruhusiwa kuacha vitu, hata ramani inaacha. Isichoruhusiwa ni kuacha kimya kimya, huku boksi linadai 1:87.

Basi nimeamua, na mwenye mali kakubali: behewa naenda nalo darasani hivyo hivyo. Nitawapa rula na urefu wa behewa la kweli, wapige hesabu ya uwiano wenyewe mpaka wazione zile mita 4. Mtoto akizoea kuipima zana ya mwalimu, kesho ataipima na kauli ya mwalimu. Najua wapo walimu wasiopenda hilo. Mimi nalitaka.

Nyie mnaonaje? Zana yenye kasoro tuitupe au tuifundishie? Naomba maoni, na msinitukanie rumeti. Tuko pamoja.