Fomu ya Maktaba na Mavazi Yake

Katika wilaya yetu ya Ngara ni vigumu kumpata mtu mzima asiyejua maana ya kuandikwa katika fomu. Wazee waliokuwapo mwaka 1994 hutusimulia jinsi watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivyovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa siku chache tu, wakapiga kambi Benaco. Aliyeandikwa alipata kadi, na kwa kadi alipata chakula. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Bwana Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Uswisi, alitoa pendekezo la lugha ya kuzipamba kurasa za mtandao, ambayo leo twaiita CSS. Mambo hayo mawili hayana uhusiano wo wote, lakini mimi huyakumbuka pamoja kila niketipo mbele ya kompyuta kutengeneza fomu.

Fomu ninayotaka kuieleza ni ya maktaba ya shule yetu hapa Nyamiaga. Zamani vitabu viliandikwa daftarini. Kurasa zilichanika, wino ukafifia, na mwandiko wa wengine, Mungu awasamehe, ulikuwa kama nyayo za kuku. Mwaka jana ndugu yetu mmoja, akiwa karibu kumaliza kidato cha nne, alidaiwa kitabu cha Fizikia alichokuwa amekwisha kukirudisha, kwa sababu namba iliyoandikwa siku ya kurudisha ilipungua tarakimu moja. Hakuwa na ushahidi. Mama yake aliuza mikungu ya ndizi na debe la maharage ili kitabu kilipwe. Baada ya hayo klabu ya kompyuta iliazimia kutengeneza programu ya kuazimia vitabu, itakayofunguliwa kwa kivinjari katika kompyuta za maabara na hata katika simu ya mwalimu.

Fomu ya HTML isiyotiwa mapambo huonekana kama mtu aliyeamka usiku kwa king'ora: visanduku vyembamba vimebanana, maneno ya kueleza yameangukia po pote, na kitufe cha kutuma kimejificha pembeni. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wenzetu wengine walisema kwamba kazi ya fomu ni kupokea habari, na kuipamba ni kupoteza wakati. Wengine walitaka tutumie fremuweki, yaani mkusanyo wa mitindo iliyokwisha kutungwa na kujaribiwa na watu wengine. Mimi nilikuwa upande huu wa pili, na ningali huko, ila kwa masharti.

Fremuweki tuliyoichagua ni Bootstrap. Iliundwa ndani ya kampuni ya Twitter na Mark Otto na Jacob Thornton, ikatolewa bure kwa watu wote Agosti 2011. Toleo la tatu, mwaka 2013, lilianza kuzifikiria simu ndogo kwanza, kompyuta baadaye. Toleo la tano lilitoka Mei 2021. Kazi yake ni kama sare ya shule. Mzazi hamwambii fundi achore shati jipya kwa kila mtoto. Husema tu "shati la shule", na fundi ajua kola, mfuko na vifungo. Kadhalika ukiandika klasi "form-control" juu ya kisanduku, hapo hapo kinapata upana kamili, ukingo mwembamba, nafasi ya kupumua ndani, na mwanga wa samawati unapokibofya. Andika "form-label" juu ya maelezo yake, nayo yatapangika vizuri. Ukitaka visanduku viwili vikae ubavu kwa ubavu, kila kimoja chapewa "col-md-6", maana upana wa ukurasa umegawanywa mafungu 12. Katika kioo chenye upana wa pikseli chini ya 768, visanduku hivyo hujipanga vyenyewe kimoja chini ya kingine, wala humwandikii mwenye simu fomu yake peke yake.

Sharti la kwanza ni kwamba mgeni huyu aletwe nyumbani. Mifano mingi yakuonyesha kuiita Bootstrap kutoka seva iliyo mbali kila ukurasa unapofunguka. Maabara yetu mara nyingi haina intaneti, na ukifanya hivyo fomu yafunguka uchi kama mwanzo. Basi faili ya mitindo, ambayo katika toleo la 5.3 ni zaidi ya kilobaiti 200, imenakiliwa kwa flashi na kuwekwa ndani ya kompyuta yetu wenyewe.

Lakini jambo lililotuchukua majuma matatu ni maneno ya kosa. Mtu akiacha kisanduku kitupu, kivinjari chenyewe humkemea kwa lugha kilichowekewa, nacho chetu kimewekewa Kiingereza. Mbaya zaidi ni namba isiyo sawa: humwambia tu afuate muundo unaotakiwa. Muundo gani? Mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye miaka saba amesoma kwa Kiswahili na ana miezi miwili tu tangu aanze kufundishwa kwa Kiingereza, huutazama ujumbe ule, huangalia huku na huku, kisha hufunga ukurasa na kuondoka na kitabu. Kitabu kimekwenda bwenini, na katika kumbukumbu hakimo. Tumerudi kule kule kwa mikungu ya ndizi.

Dawa yake ipo. Katika fomu huongezwa neno "novalidate", nacho kivinjari hunyamaza. Kisha JavaScript kidogo hukagua yaliyoandikwa, na kisanduku chenye kosa hutiwa klasi "is-invalid". Hapo ukingo hugeuka mwekundu, na sentensi uliyoiandika chini yake, yenye klasi "invalid-feedback", ambayo ilikuwa imefichwa, hujitokeza. Ila sharti ikae baada ya kisanduku chake, katika fungu moja nacho; ukiiweka kwingine haitokei, hata ungoje mpaka kengele ya chakula.

Sentensi yenyewe tuliigombania sana. Mmoja alitaka neno "Kosa!" tu. Mwingine alitaka Kiingereza, kwa hoja kwamba sekondari ni mahali pa Kiingereza. Mlezi wa klabu alituuliza kama deni la kitabu nalo ni somo la Kiingereza, na mjadala ukapoa. Sasa fomu yasema hivi: "Namba ya kitabu ina tarakimu 5. Itazame ndani ya jalada la mbele. Wewe umeandika 4." Naipenda sentensi hii kuliko rangi zote tulizochagua. Na kwa kuwa wako watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, hatukuiachia rangi kazi ya kusema.

Kuna mahali tulipoikataa sare kabisa. Mifano ya fomu mitandaoni hupenda visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo. Yuko mwenzetu ambaye jina lake la pili ni lake mwenyewe, alilopewa na bibi yake kwa Kihangaza, wala si la baba wala la babu. Alipojaribu fomu ya kwanza aliuliza, "Hapa niandike la nani?" Tukaweka kisanduku kimoja kirefu kilichoandikwa "Majina yako yote kama yalivyo katika rejesta". Maelezo hayo yako juu ya kisanduku, siyo ndani yake kwa rangi hafifu, maana yale ya ndani hutoweka mara uanzapo kuandika, na mwandishi husahau aliulizwa nini.

Wale waliosema mapambo ni kupoteza wakati hawajakubali kushindwa. Wasema maneno ndiyo yaliyosaidia, siyo Bootstrap. Wana haki kwa sehemu. Lakini nimewaona wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakijaza fomu bila kumwita mtu, na kwangu hilo latosha. Fomu ya kuazima imekamilika. Ile ya kurudisha, ambako ndiko tarakimu ilikopotea, ina mitindo lakini bado haina ujumbe wa kosa wala risiti. Sisi mtihani wetu ni Novemba. Kazi hiyo twawaachia kidato cha tatu, na faili zote zimo katika folda ya klabu, kompyuta ya nne kutoka mlangoni.