Nafasi ya Aliyenyamaza

Riwaya yangu ilikwama sura ya nne. Wapangaji wote wa nyumba yetu walikuwa wanasema kwa mpigo, na mama hana hata neno.

Mjomba, fundi simu mstaafu, ana kasha la chuma lenye kadi zilizochomekwa kama vitabu rafuni. Akachomoa moja.

"Hii ilipitisha simu 30 kwenye njia moja, mjomba."

Nikacheka. Zisichanganyike? Kumbe zinapeana zamu! Sekunde moja hukatwa mara 8,000, na kila mkato una nafasi 32: 30 za sauti, moja ya kulinganisha mapigo ya pande mbili, moja ya ishara za kupiga na kukata simu. (Marekani, mwaka 1962, walianza na sauti 24.) Kila sauti hutoa kipande chake, ikampisha mwenzie. Huko mwisho vipande huungwa, nawe waona mtu kaongea bila kituo. Uongo mtamu huo.

"Na mtu akinyamaza?"

"Nafasi yake inabaki. Hapewi mwingine."

Usiku sikulala. Tangu baba aondoke mama hasemi sana, nami nafasi yake nilishawagawia majirani. Nikawanyang'anya. Nikaandika: mama anachambua mchele.