Na kigari cha mkono njia ya Sake

Juma hili tunawapeleka njia ya Sake. Mnaijua: kilomita 25 hivi kutoka Goma kwenda magharibi, ziwa mkono wa kushoto, volkano tunaiacha nyuma. Wengi wetu tuliipita tarehe 27 Mei 2021, wakati amri ya kuhama ilipotolewa kwa mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Siku ile hakuna aliyetazama mandhari. Safari hii tuliipita polepole, wakati wa likizo kubwa, wamama saba na watoto kumi na mmoja, tukikokota kigari cha mkono. Tulitaka watoto waione barabara ile wakiwa wanacheka. Tulitaka pia kujua kama kigari chetu kinaweza kweli kubeba maisha ya nyumba nzima.

Mtu atauliza: Goma ni mji wa chukudu, kwa nini hamkuchukua chukudu? Chukudu tunaiheshimu. Tangu miaka ya 1970 inateremsha viazi, kabichi, mbao na makala mpaka sokoni, na tangu 2009 ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Lakini chukudu inapenda mteremko na kijana mwenye kifua. Ikisimama inataka kuegemezwa. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi ataishika na mkono upi?

Kwa hiyo tulikwenda kwa seremala wa chukudu, pale Ndosho, tukamwambia atutengenezee kitu kingine na mbao zilezile za karatusi. Feza zilitoka katika likilimba yetu. Alitufanyia kitanda cha mbao chenye urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 80, magurudumu mawili katikati, mguu mmoja mbele ili kikisimama kisiiname, na mti wa kukokotea unaotosha wamama wawili bega kwa bega. Kwa nyuma kuna kamba ndefu. Kwenye mteremko watu wawili wanaishika na kuvuta kinyume, maana kigari chenye mzigo kikikimbia hakijui jina la mtu.

Juu ya magurudumu tulibishana sana. Wengine walitaka ya kujaza hewa, kwa sababu hayatikisi mtoto. Lakini ninyi mnajua mawe yetu ya volkano: ni kama chupa iliyovunjika. Seremala alitupa magurudumu ya mbao, kama ya chukudu, yamevikwa ukanda wa tairi ya gari uliopigiliwa misumari. Yanapiga kelele mpaka mbwa wanatoka nje, lakini hayatoboki, na yakivunjika seremala yeyote wa barabarani anayajua.

Kupakia ni somo lenyewe. Wenzetu wanaofundisha darasa la sita wanaliita somo la wenzo. Mzigo mzito ukae juu ya magurudumu, chini kabisa, na uzito uzidi kidogo tu upande wa mbele. Ukipakia nyuma, kigari kinakuinua wewe. Ukipakia mbele sana, mikono inakufa kabla ya Kyeshero. Bidoni za maji ndizo za kwanza kupanda, kwa sababu bidoni ya litre 20 ni kilo 20, na hakuna kitu kingine nyumbani chenye uzito kama huo ambacho hatuwezi kukosa. Kwa jamaa ya watu sita, bidoni mbili zinatoa litre sita na kidogo kwa kila mtu, yaani siku mbili za kunywa na kupika kwa kubana. Mwaka 2021 lava iliharibu matanki na mabomba ya maji ya mji, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji safi. Na Sake, pale wengi tulipokimbilia, watu waliogopa kipindupindu. Ndiyo sababu hatukubali mtu aseme, “Maji tutayapata mbele, ziwa liko pale.” Maji ya ziwa hayanywewi kabla ya kuchemka kabisa.

Chakula tulichagua kile kisichokula makala. Maharagi tuliyaacha, ingawa mama mmoja alinuna, kwa sababu yanataka saa tatu juu ya mbabula. Tulichukua unga wa sosoma kwa uji, karanga za kukaanga, sambaza zilizokauka, sukari na chumvi. Sukari na chumvi si kwa ajili ya uji tu. Mtoto akipata kuhara njiani, litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitamsaidia mpaka mfike kituo cha afya. Tuliandika kipimo hicho kwenye kipande cha karatoni na kukifunga ndani ya mfuko wenyewe, maana katika mbio hata mwalimu husahau hesabu.

Juu ya chakula ikaja shiti ya plastiki ya mita 4 kwa 5, kamba, vikwembe vizito vya kufunika, tochi, kiberiti, sabuni, panga moja. Kisha bahasha ya plastiki iliyofungwa vizuri: kadi za mpiga kura, hati za kuzaliwa, kadi za chanjo, na bulletin za masomo. Mtatucheka kwa bulletin. Lakini mtoto anayefika mji mwingine bila bulletin anaweza kurudishwa darasa la chini, na huo ni mwaka wa maisha yake.

Matela tuliyaacha nyumbani. Hapo kulikuwa na kelele. Mwaka 2021 barabara nzima ilikuwa matela juu ya vichwa, na mwenzetu mmoja alisema wazi: “Koko wangu ana miaka zaidi ya 70, hawezi kulala juu ya mawe.” Tulipima. Matela ni nyepesi, lakini inachukua kitanda chote cha kigari, na pale inapolala matela hapakai mtu. Tukaamua kwamba nafasi ile ni ya koko mwenyewe. Alipanda kweli, kuanzia Ndosho, ameketi juu ya shiti na vikwembe, miguu kati ya bidoni, mwavuli mkononi. Motari wote walimpigia honi. Alipoulizwa kama anaumia alijibu kwamba tangu aolewe hakuna aliyembeba, tuendelee.

Kutoka Goma tulianza Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Himbi, Kyeshero, Ndosho: hayo ni mji tu, vumbi na magari, hatuna mengi ya kuwasimulia. Kazi kubwa pale ilikuwa watoto. Mwaka 2021, baada ya volkano kutoka usiku wa 22 Mei, UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotengana na wazazi wao. Hatukulala vizuri tuliposikia hesabu ile, kwa sababu tunafundisha watoto, na tunajua mtoto wa miaka sita anapoulizwa jina la mama yake husema “Mama”. Basi kila mtoto wetu ana kitambaa kilichoshonwa ndani ya nguo, chenye jina lake, jina la mzazi na namba ya simu. Na kwenye kigari kuna kamba ya pembeni yenye mafundo kumi na mawili. Kila mtoto ana fundo lake. Tuliwaambia: kamba ni mama. Mpaka Mugunga walikuwa wameifanya mchezo, wanaimba namba za mafundo yao, na aliyeachia anaimbiwa peke yake. Kadogo wa miaka mitano aliomba ruhusa ya kuachia ili ajikune pua.

Mugunga tulifika saa nne na nusu, tukaweka vitu katika uwanja wa shule moja iliyotukaribisha, tukashuka kuona Lac Vert. Ni ziwa dogo lililolala ndani ya shimo la volkano ya zamani, maji yake ya kijani, pembeni yake miteremko mikali. Uzuri wake ni wa kimya. Watoto walitupa mawe, wakachora, wakala karanga. Na hapo ndipo tulipofanya somo ambalo lilitufanya tuchague njia hii.

Ninyi wa upande huu mnaijua mazuku. Wa sehemu nyingine labda mmesikia jina tu. Ni hewa ya kaboni inayotoka ndani ya ardhi yetu ya volkano, haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo haipandi. Inajikusanya ndani ya mashimo na mabonde madogo kama maji yasiyoonekana, zaidi usiku na asubuhi mapema kabla upepo na jua havijaitawanya. Kando ya ziwa, kutoka magharibi ya Goma mpaka kuelekea Sake, mahali pa namna hiyo ni pengi. Mbuzi anaingia kula majani na hatoki. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita kifua chake kikiwa juu ya hewa ile, huku mtoto anayemfuata yuko ndani yake mpaka kichwani.

Sasa fikirieni usiku wa kukimbia. Umechoka, upepo ni baridi, unaona bonde dogo lililokingwa vizuri kando ya barabara. Kila mama angelala pale. Ndiyo maana tuliwasimamisha watoto juu ya ukingo wa bonde moja, mbali na hatari, wakalitazama: majani yamekauka katikati ya mengine mabichi, wadudu wamekufa, ndege mmoja mdogo amelala. Hakuna aliyeshuka. Tuliwaambia mambo manne nao wakayarudia mpaka koko akayajua pia. Tunalala juu, hatulali shimoni. Kigari kinasimama juu, hata kama upepo unasumbua. Hatutangulii kutembea nje ya barabara kabla jua halijapanda. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate, piga kelele, kwa sababu anayeshuka kuokoa huanguka juu ya yule wa kwanza. Hilo la nne lilikuwa gumu. Msichana mmoja aliuliza, “Na kama ni mama?” Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukamwonyesha kamba ya nyuma ya kigari, ile ndefu, na namna mtu mzima anavyoweza kumvuta aliyeanguka akiwa amesimama juu, kama kamba inamfikia. Hatukuwa na jibu bora zaidi, na hatukumdanganya kwamba tunalo.

Usiku tulitandaza shiti kutoka kwenye kigari mpaka ukuta wa shule, kigari kikawa ukuta wa pili. Koko alilala juu ya kitanda cha kigari chenyewe, bidoni zikiwa zimeshushwa. Aliamka akasema matela yake ya nyumbani ni mbaya kuliko pale. Mwenye kunung’unikia matela hakujibu neno.

Jumamosi tuliondoka jua likiwa limepanda vizuri. Baada ya Mugunga nyumba zinapungua, na upande wa kuume miti ya Virunga inakaribia barabara. Hapo ardhi inabadilika kuwa mawe meusi yenye vichaka na ndaga nyeupe. Ni lava ya Nyamulagira, ile iliyotoka kati ya 1938 na 1940 na kuteremka mpaka ndani ya Ziwa Kivu. Watoto walifikiri volkano ni Nyiragongo peke yake. Tuliwaketisha wakahesabu aina za majani yaliyoota juu ya mawe, wakapata tisa. Kigari kilipiga kelele kuliko siku ya kwanza, na msumari mmoja wa tairi ulitoka. Tuliupigilia kwa jiwe. Wekeni misumari sita na kipande cha tairi chini ya kitanda cha kigari, havina uzito wowote.

Sake tulifika saa nane. Kule barabara inagawanyika: moja inapanda Masisi, nyingine inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Soko lilikuwa limejaa jibini za Masisi, zile za duara, pamoja na viazi na vitunguu. Tulinunua jibini mbili, na bidoni moja ilikuwa bado na maji nusu. Watoto wanne walilala palepale kamba zikiwa mkononi. Kurudi tulipanda gari, kigari juu ya paa, na dereva alitaka kulipisha koko kama mzigo, kwa kuwa alikataa kushuka juu yake mpaka dakika ya mwisho.

Kwa wanaotaka kutengeneza chao: seremala alituomba siku nne, na mbao zikauke kwanza. Kigari chetu kinakaa nyuma ya chumba cha mkutano, kikiwa na bidoni mbili zenye maji tunayobadilisha kila Jumamosi. Bendera ya volkano ikigeuka kutoka manjano kwenda rangi ya machungwa, ufunguo uko kwa mwekahazina, na mwekahazina analala mlango wa tatu kutoka pale. Kundi la pili linatoka kabla masomo hayajaanza, kwenda Mugunga na kurudi tu. Kila mama alete kamba yake na mtoto aliyekwisha kushonewa jina.