Wananiita Mama Ndeke

Wamama wapendwa, wengi wenu mmeniomba niandike habari ya ndege iliyo nyuma ya nyumba yangu. Wengine mnauliza kwa huruma, wengine kwa kicheko. Nawajibu wote hapa mara moja, ili niache kujibu kila asubuhi kwenye foleni ya maji.

Ndege ni ya kijana wangu wa tatu. Alizaliwa Walikale, nilipokuwa nauza chakula Mubi. Waliokaa kule wanakumbuka: ndege zilitua Kilambo, kwenye barabara ya lami yenyewe. Watu wanasimamishwa, pikipiki na wabebaji wanakaa pembeni, ndege inashuka kama gari lililokosa njia. Inashusha mchele, sukari, bia na sabuni, inapakia kasiterite iliyotoka Bisie migongoni mwa watu, kilo 50 kila mfuko, halafu inarudi Goma. Mtoto mdogo akitazama hayo kila siku, hataota ng'ombe. Mwezi wa 9 mwaka 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa 3 mwaka uliofuata. Sufuria zangu zikakosa wateja. Tukahamia Masisi kwa ndugu za baba yao, nami nikarudia mashini yangu ya kushona. Yeye akaja na ndege kichwani.

Alianza na chukudu, kama vijana wengi wa hapa. Sisi tunazijua kwa mizigo yake ya viazi na makala, lakini ni wachache tuliokaa tukatazama zinavyoundwa. Mwili ni mti wa mkaratusi, magurudumu ni mti mgumu zaidi, na kuzunguka gurudumu unapigiliwa mpira wa tairi kuukuu ili mawe yasilipasue. Alipouza ya kwanza alikuwa na miaka 15, akawanunulia wadogo zake madaftari. Nilitulia moyo. Goma kwenyewe chukudu imejengewa sanamu, iko katikati ya mji tangu 2009. Nikasema, Mungu amenipa fundi.

Halafu jioni moja, tukila sombe, akasema kwamba kama mti unaweza kuteremka kutoka Masisi hadi Sake na mzigo wa watu wanne, unaweza pia kupanda. Baba yake alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimjua.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa furaha, na ndio mwaka unaodanganya. Kila siku jicho linaona kitu kipya: leo gurudumu, kesho mkia, kesho kutwa kiti cha rubani kilichokuwa kiti changu cha jikoni. Watoto wa jirani walijaa uani. Mwaka wa pili kazi ikawa ya kujificha. Juma zima linapita kwenye kiungo kimoja cha mianzi, na mtu akipita haoni tofauti yoyote. Pesa za chukudu zilimezwa na bulonji, nyaya na gundi. Mikaratusi miwili iliyokuwa iuzwe kwa ajili ya masomo ilikatwa kuwa mbawa, na mbawa zenyewe zikawa nzito mno, zikaishia kuwa kuni. Siku hiyo baba yao hakula. Nyumba yenye ndege uani ina kelele ambazo si za injini, wamama.

Mwalimu wake wa fizika ndiye aliyetuletea habari za wengine. Kule Nyeri, Kenya, fundi wa kompyuta aitwaye Gabriel Nderitu aliunda ndege nyumbani kwake, akaiwekea injini ya gari la Toyota. Ilikimbia chini, ikakataa kupaa. Akaanza nyingine. Na hapa kwetu Kongo, Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake huko Menkao, nje ya Kinshasa. Ile ya 2009 ilimbeba panya, ikaharibika mbele ya macho ya watu. Nilimuuliza mwalimu kama ananifariji au ananitisha. Akasema yote mawili.

Lakini habari iliyonikaa moyoni ni ya wale ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walioruka kwanza tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 1903. Dunia inawataja wao. Mimi nilimuuliza mwalimu: na mama yao? Mama yao aliitwa Susan. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi, naye akajifunza kushika vyombo katika karakana ile. Aliwaundia watoto wake vitu vya kuchezea kwa mikono yake mwenyewe. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1889, hakuona ndege. Dada yao Katharine alikuwa mwalimu. Aliandika kwamba Wilbur anashinda kwenye mashini ya kushona saa nyingi, anashona vitambaa vya mbawa. Mwaka 1908 Orville alipoanguka, na abiria wake akafa, Katharine aliacha darasa akaenda kumuuguza hospitalini. Sijui kwa nini wanawake hawa hawamo katika vitabu vya shule vya watoto wetu.

Kijana wangu yeye alichukua hesabu tu: ndege ile ya 1903 ilikuwa na uzito wa kilo 274, mbawa zake mita 12, na injini ya nguvu za farasi kama 12. «Mama, hiyo ni karibu sawa na pikipiki.» Basi akatafuta injini ya pikipiki iliyokufa, akaifufua.

Kisha elisi ikapasuka. Alikuwa ameichonga miezi mitatu. Ilipozungushwa mara ya kwanza ilipasuka vipande viwili, kimoja kikatoboa manjanja ya jikoni langu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Kijana akaingia ndani, akalala. Majuma manne hakugusa shoka wala msumeno. Ilikuwa msimu wa mvua, mianzi ikaota ukungu, kuku wakataga chini ya kiti cha rubani.

Majuma yale ndiyo yaliyoniogopesha kuliko elisi. Ninyi mnajua kijana asiye na kazi anatafutwa na nani katika vilima hivi. Watatu wa rika lake waliondoka usiku, mmoja tu ndiye aliyeleta habari tangu hapo. Nikisikia mlango usiku, nilikuwa naamka kuhesabu miguu kitandani. Siku moja nikatoa turubai kuukuu, nikalikata kwa vipimo nilivyovikuta kwenye daftari lake, nikakaa uani kwenye mashini yangu nikaanza kushona. Sikumwita. Siku ya tatu alitoka, akatazama, akasema mshono wangu haufuati mkunjo wa ubavu. Tukabishana mpaka giza. Kesho yake alikwenda kutafuta mti mwingine wa elisi.

Elisi ya pili inazunguka. Injini ilipounguruma, nyanya wa jirani alikimbilia shambani na mtoto mgongoni, maana kwetu kinachovuma hivyo si kitu cha kushangilia. Ndiyo sababu nimeweka masharti, na baba yao ameyakubali. Haitaacha ardhi kabla fundi wa ndege hajaikagua na wakubwa wa usafiri wa anga hawajatoa ruhusa, na si katika wakati huu wa bunduki. Kijana amenuna, lakini anaisukuma huku na huko uani, magurudumu chini, nao wadogo zake wanashangilia kama iko juu ya mawingu.

Sasa anataka kabureta mpya, dola 40. Zamu yangu ya likelemba ni mwezi ujao, na jikoni bado lina tundu. Nimemwambia nitatoa 25, zilizobaki ni za manjanja. Amekwisha kuanza kuchonga chukudu nyingine ili ajaze pengo. Mama anayehitaji ya kubebea viazi aje tupatane bei.