Simu ya Katekista

Baada ya Misa ya pili ya Jumapili, wakati padri bado anasalimiana na watu mlangoni, sisi makatekista na wakuu wa jumuiya hai hukaa kwenye mabenchi chini ya mwembe tukingoja kikao. Zamani tulizungumzia bei ya unga na ubovu wa barabara. Sasa tunazungumzia simu: nani amenunua ipi, betri ya nani imevimba, ipi inapiga picha nzuri, na kama ni kweli kwamba iko mashine inayomwandikia barua, mahubiri na hata mashairi mtu asiyejua kuandika. Hapa Likasi kila mtu ana maoni juu ya vyombo hivi, hata asiye navyo, nasi hatukubaki nyuma.

Maoni yetu ni ya watu waliozoea chaki, basi msomaji atuvumilie. Kwa hesabu yetu, chombo bora kuliko vyote vilivyoingia nyumbani mwetu katika miaka 20 iliyopita si simu, bali ni taa ndogo inayojazwa na jua. Haidai mayunite, haipigi kelele, na usiku umeme unapokatika mtoto huendelea na masomo yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Cha pili ni ile simu ya vibonye yenye tochi, ambayo wajukuu wanaicheka lakini hukaa siku nyingi bila kujazwa. Vile vipaza sauti vidogo vinavyocheza muziki wa simu bila waya, tungeachiwa tungevitupa mtoni, maana vimegeuza hata kilio kuwa baa.

Juu ya kusoma masomo ya Misa katika simu tumebishana mara nyingi. Vijana wanasema Neno ni lile lile, liwe katika karatasi au katika kioo. Ni kweli. Lakini kitabu cha masomo kina kazi moja tu, nacho hukaa kikiingoja kazi hiyo wiki nzima. Jumapili moja ya Majilio msomaji wetu alikuwa katikati ya nabii Isaya, simu ikaanza kupiga rumba mkononi mwake, na mabibi wa mbele wakaanza kutikisa mabega kabla ya kukumbuka walipo. Tangu siku ile paroko ameamua kwamba mimbarini ni kitabu.

Hata hivyo, sisi wenyewe tunayo simu ya kugusa. Tuliletewa na mtoto wetu anayefanya kazi Lubumbashi, nasi tuliipenda mapema kuliko tulivyotaka watu wajue. Kwa simu hiyo tunapata masomo ya kila siku, tunawatumia makatekista wa vituo vya mbali maswali ya mafundisho, na tunapata habari za mgonjwa kabla hajafa, tofauti na zamani.

Nasi watu wa Katanga hatuwezi kukishika chombo hicho kana kwamba kimeshuka na mvua. Ndani ya betri yake mna gramu chache za kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, huku kwetu Lualaba na Haut-Katanga. Malori hupita mjini usiku na mchana yakielekea Kasumbalesa. Wachimbaji wa kale wa Ujerumani waliyapa madini hayo jina la zimwi la migodini, kwa sababu waliyadhania fedha yakawadanganya, tena moshi wake uliwadhuru. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba kobalti ikiungana na lithiamu inaweza kutunza umeme mwingi katika kitu kidogo. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo, na mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ile 1991 sisi tulikuwa tukijifunza ualimu. Kobalti tuliijua kama jina katika somo la jiografia, ndugu mdogo anayetembea nyuma ya shaba. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja watoto tutakaowafundisha wataifuata chini ya ardhi kwa nyundo na taa ya kichwani.

Chini ya mwembe wapo wanaosema kwamba dunia itaichoka kobalti yetu, kwa kuwa magari mengi ya umeme yatokayo China sasa yanatumia betri za chuma na fosfati. Wengine hutaja uamuzi wa serikali wa Februari 2025 wa kusimamisha kwa muda kuuza kobalti nje, kwa kuwa ilikuwa imejaa sokoni na bei imeanguka. Kijana anayeshuka shimoni haulizi hayo. Anauliza mnunuzi analipa ngapi leo kwa gunia.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanafunzi wetu. Tulimfundisha miaka miwili kabla ya Kipaimara. Mama yake ameturuhusu kusimulia haya, ila si kwa kutaja jina, nasi tunamtii. Alikuwa na miaka 19. Katika majira ya mvua shimo lilibomoka, na wenzake walimtoa siku ya pili. Paroko alikuwa safarini, basi mazishi yakawa ya katekista, kama ilivyo desturi.

Wiki ile tulikuwa tumekwisha kuzika watu wawili. Usiku tulikaa mezani na karatasi nyeupe, na hakuna kilichokuja. Ndipo tulipochukua simu. Tuliiandikia ile mashine kwa Kifaransa: kijana wa miaka 19, mchimbaji, Mkatoliki, amefia shimoni, tunahitaji maneno ya faraja kwa Kiswahili. Kabla chai haijapoa maneno yalikuwa tayari, aya tano, Kiswahili safi kama shati lililopigwa pasi. Tulibadilisha neno hapa na pale ili lisisikike kama la redio ya mbali, tukanakili kwa mkono wetu, tukalala.

Asubuhi tulisoma, na watu walilia. Wazee walitushika mkono. Mzee mmoja, mgumu wa kusifu, alisema hajasikia maneno kama yale tangu enzi za mapadri wamisionari. Tulijibu kwamba ni neema ya Mungu.

Siku ya kuondoa kilio mama wa marehemu alituita pembeni, nyuma ya jiko, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mgeni: «Papa Katekista, tunawashukuru. Lakini mlisema mtoto wetu alikuwa mtu wa tabasamu, aliyejaza nyumba furaha. Yeye hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Labda mlimchanganya na mwingine?»

Tukajibu: «Labda, Mama.»

Hatukumchanganya na mtu. Tulimjua. Miaka miwili alikaa benchi la nyuma, karibu na dirisha, akijibu tu alipoulizwa, na akijibu sawasawa. Mashine ndiyo haikumjua, nayo haikuwa na kosa. Iliombwa maneno juu ya kijana, ikatoa kijana wa aina ile inayopatikana katika maneno mengi iliyolishwa, na vijana waliokufa, katika maneno ya watu, wote hutabasamu. Namna inavyofanya kazi ni hiyo: hukisia neno linaloelekea kufuata neno. Haikukaa na mtu yeyote darasani. Sisi ndio tuliokaa naye, na kumkumbuka ilikuwa zamu yetu.

Jambo lililotuchoma zaidi ni dogo. Mwezi ule ule tulikuwa tumempa mkatekumeni mmoja sifuri juu ya kumi, kwa kuwa jibu lake juu ya Ubatizo lilikuwa limenakiliwa kutoka kwa mashine, na tulimwambia mbele ya wenzake kwamba hatukutaka kujua simu inasadiki nini.

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Tarehe 28 Januari 2025 Vatikano ilitoa hati Antiqua et nova, inayopambanua akili ya mashine na akili ya mtu, mwenye mwili, historia na ndugu. Papa Leo XIV, siku chache tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina lake linamkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi mwaka 1891 katika enzi ya viwanda, kwa kuwa sasa mashine zenye akili zimeleta mageuzi mengine. Tuliyasoma hayo yote katika simu, tukayapenda, tukayafundisha. Lakini kilichotuinua kutoka kitini ni kumbukumbu nyingine. Papa Fransisko alipokutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2023, aliwaambia vijana watazame mikono yao, akakipa kila kidole kazi: sala, jumuiya, unyofu, msamaha, huduma. Mafundisho hayo tumeyarudia darasani mara nyingi, maana watoto huyashika upesi. Jioni moja, tukiyarudia tena, tulikunja kidole gumba, kisha cha shahada, na tulipofika cha kati, kile cha unyofu, tulishindwa kuendelea. Tuliwaambia watoto waimbe.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mama. Ilikuwa wiki ya tano tangu mazishi. Alikuwa akipepeta mahindi uani. Tulikaa, tukamweleza yote: uchovu, mashine, karatasi, na ile «labda». Katika safari tulikuwa tumejiandaa kwa hasira yake, pia kwa machozi yake. Alitaka kwanza kuiona simu. Tukampa. Aliigeuza mkononi, akapima uzito wake, akauliza kama ni kweli kwamba ndani mna kile alichokuwa akikifuata mwanawe. Tukasema kimo, kidogo. Akauliza tena: «Na hiyo mashine, mliiambia jina lake?»

Tukasema hapana.

Alinyamaza kwa muda, mikono juu ya ungo. Kisha akasema: «Basi andikeni.» Tukatoa daftari la mahudhurio, kwa kuwa hatukuwa na jingine, naye akaanza. Alisema kwamba alizaliwa usiku wa mvua, na kwamba hadi miaka minane aliogopa giza, hata ikabidi taa iachwe ikiwaka mpaka apate usingizi. Alisema alirekebisha redio za majirani bila kudai kitu. Mara ya kwanza kushuka shimoni alirudi nyumbani akaoga mara tatu. Fedha alizificha katika kopo la maziwa kwa ajili ya karo ya dada yake, na kopo bado liko, na dada yake yuko darasa la sita. Tuliandika mpaka mkono ukauma. Mambo mengine hatuyaweki hapa. Ni ya nyumba ile.

Inasimuliwa katika Injili ya Yohane kwamba Yesu alipofika kwa Marta na Maria alilia kwanza, kabla ya kumwita Lazaro. Tumeifundisha sura hiyo kwa miaka mingi tukikimbilia kaburi na jiwe lake. Aliuliza pia walikomlaza, akawafuata waliomwonyesha.

Mkatekumeni wa sifuri tulimwita baada ya mafundisho, tukamsimulia. Alicheka kwanza, kisha akaona hatucheki. Tulikubaliana ajibu upya kwa mdomo, na akajibu vibaya kidogo, kwa maneno yake. Tukampa sita.

Misa ya kumbukumbu ya siku 40 ilifanyika nyumbani kwa mama, jioni. Baada ya komunyo paroko alitupa nafasi ya kusoma kutoka daftarini. Tulikuwa katika mstari wa tatu umeme ukakatika. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba taa ya jua iko kwa jirani, lakini kabla hajaamka, dada wa marehemu alikuja akasimama kando yetu, akachukua simu yetu mezani, akawasha tochi yake, akaimulikia karatasi. Tukaendelea pale tulipoachia, kwenye habari ya mtoto aliyeogopa giza.